Breki za Tela: Somo Tulilolipata Murara

Mtu aingiaye mji wa Goma kutoka kaskazini, kwa barabara ya Rutshuru, hushuka kwa muda mrefu. Mkono wake wa kuume husimama mlima Nyiragongo wenye moto, urefu wake mita 3,470. Mkono wa kushoto ni Mikeno na Karisimbi, ambayo moto wake umelala tangu zamani. Mbele yake, chini kabisa, ziwa Kivu linang'aa kama bati jipya. Maji ya ziwa hilo yapo mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kijiji cha Kibumba, atokako msafiri wetu, kipo juu zaidi kwa mamia ya mita. Basi kila kiendacho mjini kwa njia hiyo, kikiwa ni kabeji, mbao au mtu, kinateremka. Na kila kiteremkacho yapasa kiwe na kitu cha kukizuia.

Leo twataka kuwasimulia habari ya breki za tela, na jinsi tulivyofundishwa habari hiyo katika mtaa wa Murara. Tulifundishwa tukiwa tumekwisha chelewa. Ni kwa huruma ya Mungu tu kwamba hakuna mtu aliyelipa kwa damu yake kuchelewa kwetu.

MTAA JUU YA MAWE MEUSI

Murara ni mtaa mmoja wa komini ya Karisimbi, mjini Goma. Mgeni hatautafuta kwa ajili ya majumba makubwa. Ni mtaa wa watu wa kazi, na kama ilivyo katika mji wote, mawe meusi ya volkeno yapo kila mahali: ndiyo msingi wa nyumba za mbao, ndiyo kuta za viwanja, ndiyo njia yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na mito ya moto ikashuka mpaka katikati ya mji na kuingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia siku zile. Lakini watu walirudi upesi, wakajenga tena juu ya mawe yale yale yangali na joto.

Mawe hayo hukata mipira ya magari, na vumbi lake hupenya kila penye tundu. Ndiyo maana Goma ni mji wa mafundi. Utawakuta kando ya njia, wengine na gereji yenye bati juu, wengine na kipande cha turubai tu, wakilehemu, wakiziba mipira, wakifungua injini zilizoonekana kuwa zimekufa. Mbele ya mmoja wa mafundi hao, pale Murara, ndipo tulipoifikisha tela yetu siku moja, nasi tumeinamisha vichwa.

SAFARI YA KIBUMBA

Ilikuwa mwezi wa Julai 2019, wakati wa kiangazi. Bweni moja la vijana wanafunzi wa ufundi lilihitaji viazi na kabeji, nasi tulikuwa tumeahidi kuvileta kutoka Kibumba, ambako udongo ni mwema na bei ni nafuu. Tulikuwa na gari la mizigo, dogo na la zamani, na nyuma yake tela ya magurudumu mawili.

Tela hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Kila dereva aliposhika breki, au freni kama wasemavyo watu wa Goma, ilikuja kwa kishindo ikasukuma gari mgongoni. Juma moja kabla ya safari tuliipeleka kwa fundi mmoja, si wa Murara, naye akaingia chini, akakaza nati moja, akatoka akasema imepona. Kazi ile haikuchukua hata robo saa. Dereva wetu hakuridhika. Alituomba tungoje siku mbili, ili magurudumu yafunguliwe na kutazamwa ndani. Sisi ndio tuliokataa. Tulisema vijana hawana chakula, na tena fedha ya fundi wa pili haimo katika hesabu ya mwezi. Twaandika hayo waziwazi, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Asubuhi, pale Kibumba, tulipokuwa tukipakia magunia, tuliwatazama waendesha chukudu wakijitayarisha kushuka. Msomaji asiyepata kufika Kivu huenda hajui chukudu ni nini. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na usukani kama pembe za ng'ombe. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamevikwa mpira wa gari uliochakaa. Kwenye mteremko mwenyewe hupanda juu yake pamoja na mzigo. Kwenye tambarare huweka goti moja na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mlima hushuka akakisukuma kwa mabega. Chukudu moja imara hubeba kilo mia kadha. Vyombo hivi vimelisha mji wa Goma kwa miaka mingi, hata mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua mjini sanamu ya mtu na chukudu yake, yenye rangi ya dhahabu.

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, mpira ukasugua gurudumu, mwendo ukapungua. Hakuna breki nyepesi kuliko hiyo kuielewa, wala hakuna iliyo rahisi zaidi kuikagua. Kijana mmoja alitazama mpira wake, akaona umeliwa. Akaung'oa, akakata mwingine kwa kisu, akaupigilia misumari, kisha akaujaribu mara tatu mahali pa tambarare. Wenzake walikuwa wamekwisha ondoka. Tukamwuliza kwa nini anajichelewesha hivi. Akajibu kwa adabu, "Baba, mzigo hauna macho. Ukianza kushuka hautaniuliza kama niko tayari." Tukacheka, tukaendelea kupakia.

HARUFU YA MOTO

Tulipakia karibu kilo 900. Kutoka Kibumba mambo yalikuwa mema. Tulipokaribia Kibati, dereva akanusa. Ilikuwa harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Alikanyaga breki, gari likapungua kidogo tu, na tela ikatusukuma mbele. Akakanyaga tena; sasa tela ikavuta upande mmoja, na nyuma ya gari ikayumba. Tulipogeuka tuliona moshi ukitoka kwenye gurudumu la kuume.

Mbele yetu, upande wa Kanyaruchinya, barabara ilikuwa na watu wengi, kama ilivyo desturi yake: akina mama wenye mizigo mgongoni, watoto wenye madumu ya maji, na safu ndefu ya chukudu. Dereva hakupiga kelele. Alirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, akipiga honi bila kukoma na kuwasha taa. Injini ililia sana. Akatafuta kwa macho mahali penye kupanda, akaona upande wa kushoto lundo la changarawe nyeusi, akaliingiza gari humo pole pole mpaka likasimama. Tulikuwa hatua ishirini nyuma ya chukudu ya mwisho.

Mwenye chukudu hiyo alisimama, akageuka. Alikuwa yule kijana wa Kibumba, ambaye kwa kutengeneza breki yake alikuwa wa mwisho katika safu. Aliweka chombo chake pembeni, akaja akatusaidia kuweka mawe chini ya magurudumu. Hakusema neno juu ya kicheko chetu cha asubuhi.

Tulitaka kumwagia maji lile gurudumu la moto. Dereva akatuzuia, akisema kwamba chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Tukangoja kivulini. Mzigo wetu ukahamishiwa juu ya chukudu tatu, nasi tukalipa ujira wa haki. Hivyo viazi vya bweni vikaingia mjini kwa breki za mpira na misumari. Kesho yake tela tupu ilishushwa kwa gia ya kwanza mpaka Murara.

FUNDI AULIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Fundi tuliyemkuta pale alikuwa mzee mwenye mvi. Tulidhani atalala mara moja chini ya tela. Hakufanya hivyo. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akatuuliza maswali matatu. Ugonjwa huu ulianza lini? Tela ilikuwa na mzigo kiasi gani? Na nani aliyeigusa mwisho, naye alifanya nini? Tulipomweleza habari ya nati iliyokazwa, alitikisa kichwa, akasema, "Basi nusu ya kazi mmekwisha nifanyia."

Kisha akatueleza jinsi breki ya tela ya namna yetu ifanyavyo kazi. Kichwa cha tela, pale inapofungwa na gari, kina chuma cha duara kiwezacho kuteleza ndani na nje. Gari likipunguza mwendo, tela kwa uzito wake hutaka kuendelea mbele, nayo hukisukuma chuma kile ndani. Chuma kinapoingia huvuta fimbo ndefu iliyo chini ya tela. Fimbo huvuta waya mbili, mmoja wa kila gurudumu. Na waya hufungua vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vilivyovikwa bitana ngumu, vikasugua ndani ya ngoma ya gurudumu. Yaani uzito wa tela wenyewe ndio unaoshika breki zake. Hapana umeme, hapana mafuta. Lakini sehemu moja ikiharibika katika mlolongo huo, zote zinapotewa na kazi.

KUITAFUTA KASORO KWA UTARATIBU

Mzee yule alifanya kazi kwa kuanzia mbele na kuishia nyuma, bila kuruka hatua. Twaandika hatua zake hapa, ili dereva au mwanafunzi wa ufundi aweze kuzikata na kuzitunza.

Kwanza, alitenga gari na tela. Aliliendesha gari peke yake mahali pa tambarare na kushika breki. Likasimama sawasawa. Basi kosa halikuwa la gari. Watu wengi hubadilisha breki za gari zilizo nzima, kwa kuwa hawakufanya jaribio hili la dakika tano.

Pili, alisukuma kwa nguvu kile chuma cha kichwani. Kikikataa kusogea, kimeshikwa na kutu au kimekauka grisi, na tela haina breki kabisa. Kikiingia upesi bila ukinzani na kugonga mwisho, kile kifaa cha ndani cha kutuliza kishindo kimekufa, au sehemu za nyuma zimelegea au kulika. Chetu kiliingia kama mkono mfukoni. Ndicho kilichokuwa kikitugonga mgongoni miezi yote ile.

Tatu, aliingia chini akatazama fimbo na waya. Mahali waya mbili zinapofungwa na fimbo pana kipande cha chuma kama mti wa mizani. Breki ikivutwa, mizani hiyo yapasa ikae sawa. Ikiinama, upande mmoja unafanya kazi ya pande mbili. Yetu iliinama sana. Alichungulia pia kama waya zinateleza vizuri ndani ya ala zake, maana maji na vumbi vikiingia humo waya hukwama, na breki iliyoshika haiachii tena.

Nne, aliinua tela kwa jeki, akiisha kuweka mawe na magogo ya kuizuia, akazungusha kila gurudumu kwa mkono. Breki ikiwa imeachiwa, gurudumu lazima lizunguke huru. Breki ya mkono ikivutwa, lazima lishikwe. Gurudumu letu la kuume halikuzunguka huru: lilikuwa likisuguliwa wakati wote. La kushoto lilizunguka huru hata breki ilipovutwa.

Tano, alifungua ngoma. Alilowesha vumbi la ndani kwa maji na kulifuta kwa kitambaa, akiwakataza vijana wake kulipuliza kwa kinywa, kwa sababu bitana za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi la asibesto huua mapafu pole pole. Upande wa kushoto mpira uzuiao grisi ulikuwa umepasuka, na bitana zilikuwa zimelowa grisi. Breki yenye grisi ni kama mkono wenye sabuni. Mzee alisema bitana zilizokunywa grisi hazioshwi kwa petroli zikarudishwa, hutupwa. Upande wa kuume bitana zilikuwa zimeungua, na chuma cha ngoma kimegeuka rangi ya buluu kwa joto.

Sasa ugonjwa ukajulikana wote. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeacha kazi siku nyingi, na la kuume lilibeba yote mpaka likalika. Fundi wa kwanza aliposikia kishindo, alikaza fimbo ya katikati ili kuondoa ulegevu. Uwanjani breki ikaonekana imepona. Kumbe kukaza fimbo bila kurekebisha kwanza vipande vilivyomo ndani ya ngoma ni kosa kubwa: fimbo iliyokazwa mno huiacha breki ikisugua hata wakati hakuna aliyeishika. Kusugua kukaleta joto, joto likaunguza bitana, na bitana iliyoungua haishiki. Taratibu iliyo sawa ni kuanzia magurudumuni: rekebisha ndani ya ngoma, kila upande sawa na mwenzake, ndipo uondoe ulegevu wa fimbo.

Sita na mwisho, alifunga waya mwembamba wa usalama toka breki ya mkono ya tela mpaka kwenye gari. Tela ikichomoka njiani, waya huo huvuta breki ya mkono, nayo tela ikasimama yenyewe. Wetu ulikuwa umekatika zamani, na hakuna aliyejali.

Alituachia pia dawa nyepesi ya kila safari. Baada ya kilometa tano au sita za kwanza, simama, ukaribishe mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto jingi kuliko mwenzake, linasugua au linafanya kazi peke yake. Moja likiwa baridi kabisa, halifanyi kazi. Na mzigo ukae sawa juu ya magurudumu, uelemee mbele kidogo. Mzigo ulioelemea nyuma huifanya tela iyumbe, na hakuna breki iwezayo kuponya kosa la upakiaji.

TELA ZA NAMNA NYINGINE

Si tela zote zilizo kama yetu. Nyumba za magurudumu ambazo familia za Marekani huvuta nyuma ya magari yao wakati wa likizo huwa na breki za umeme: ndani ya ngoma mna sumaku, na dereva akishika breki, umeme hupita na sumaku ikavuta. Huko fundi hutafuta kwanza ile plagi ya kuunganisha gari na tela kama ina kutu, kisha waya wa kurudisha umeme uliofungwa kwenye chuma cha tela, kisha betri, na mwisho sumaku zenyewe. Utaratibu ni ule ule: kuanzia mbele kwenda nyuma.

Malori makubwa yaletayo mafuta na saruji hutumia upepo uliosindikwa. Mabomba mawili huunganisha lori na tela: moja hujaza upepo, la pili hupeleka amri ya dereva. Bomba la kujaza likikatika, breki za tela hushika zenyewe. Asili yake ni katika reli. George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki ya upepo mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza iwe hivyo, ya kushika yenyewe.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa, ajali moja yatosha kutufundisha. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari moshi lilichukua watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao kwenda kutembea pwani. Lilishindwa kupanda mlima. Wakuu wa safari wakaamua kuligawa, sehemu ya mbele itangulie. Breki za mabehewa yaliyoachwa nyuma hazikuwa za kushika zenyewe. Mabehewa yakateleza kurudi chini, yakagonga gari moshi jingine lililokuwa likija. Watu 80 hivi walikufa, wengi wao watoto. Mwaka ule ule bunge la Uingereza likaweka sheria ya kulazimisha breki za kushika zenyewe katika magari moshi ya abiria. Breki hizo zilikuwa zimejulikana kwa miaka mingi. Kilichokosekana hakikuwa elimu; ni gharama zilizoonwa kuwa zaweza kungoja.

Hata hivyo, breki ya upepo nayo yataka utunzaji. Matangi ya upepo hukusanya maji, yapasa kufunguliwa yatoke. Mabomba yakivuja, lazima yatengenezwe kabla ya safari. Ng'ambo ya mpaka wa Goma, barabara itokayo Kigali huteremka kwa ukali kabla ya kuingia Gisenyi, na malori yenye mizigo yamekosa breki katika mteremko huo zaidi ya mara moja. Mteremko haubagui tela kubwa na ndogo.

NGUVU YA MTEREMKO

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Kitu cha kilo 1,000 kikishushwa mita 300, nguvu yote ya anguko lake yapasa kwenda mahali fulani. Isipokuwa mwendo, inakuwa joto. Mkipiga hesabu mtaona kwamba joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 9 za maji ya ziwa. Yote hayo breki ndizo zipaswazo kuyameza, kama injini haisaidii. Kwa hiyo dereva mwenye busara hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikazuia mwendo, naye hutumia breki mara moja moja, si kuzikanyaga wakati wote. Na kumbukeni tena: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuzuiwa huzidi mara nne.

MZIGO NA DHAMIRI

Ndani ya gari letu mlikuwa na medali ya Mtakatifu Kristofori, msimamizi wa wasafiri. Siku ile ilikuwa imening'inia mbele ya macho yetu tangu Kibumba. Hatutaiondoa. Lakini tulipokuwa tumekaa juu ya mawe pale Kanyaruchinya, tukingoja chuma kipoe, tulitambua kwamba tulikuwa tumeitumia kama badala ya fundi. Katekisimu hutufundisha kwamba kumjaribu Mungu ni dhambi. Mtu aachaye breki mbovu kisha akaomba ulinzi ni kama amwambiaye Mungu, "Fanya wewe kazi niliyoikataa mimi."

Tena tumezoea kuifikiri amri ya tano kwamba yawahusu wenye panga na bunduki. Yule kijana wa chukudu hakuwa na ugomvi nasi. Hata hivyo, kama lile lundo la changarawe lisingalikuwapo, tungalimwua, nasi tungalisema ni ajali, na watu wangalitusikitikia. Lakini dereva alikuwa ametuonya, na fedha tulizoziokoa zilikuwa kidogo kuliko bei ya gunia la viazi. Tulipohesabu mwisho, bitana mpya, mpira wa grisi, kifaa cha kichwani na ujira wa mzee vilitugharimu mara tatu ya kile ambacho kingalitosha mwanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wako watu ambao ukuta huo huwaangukia kabla hujaujenga.

Barabara ile imeona mengi tangu siku zile. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitapika tena, na moto ukaikata kati ya Kibati na mji. Kisha vita, ambayo mwezi wa Januari 2025 iliingia mjini Goma kwenyewe, imewateremsha kwa njia hiyo watu wengi wenye magodoro na watoto mgongoni. Hatuna uwezo wa kuuzuia mlima usiwake, wala hatukuwa na uwezo wa kuizuia vita. Breki ya tela yetu ilikuwa katika uwezo wetu, nayo tuliiacha.

Basi, ndugu zetu mlio na magari ya parokia, ya shule, ya ushirika au yenu wenyewe, kabla ya hija au safari ya mizigo mpeni fundi siku zake mbili. Dereva akisema, "Tungoje," msikilizeni, hata kama ana umri mdogo kuliko ninyi na ninyi ndio mnaomlipa mshahara. Nanyi vijana mtakaoshika usukani kesho, jifunzeni kukataa kwa adabu. Nasi kila tupitapo Murara hupunguza mwendo mbele ya ile gereji ya mzee, tukamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yake, na kwa ajili ya kijana mmoja aliyechelewa kuondoka Kibumba kwa kuwa alikuwa akipigilia misumari katika breki yake.